Nina kilo 61 na sijawahi kumgusa farasi, naweza kupata maisha kwenye farasi wa mbio?

Swali limeletwa na kijana mmoja wa Kilwa Masoko, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo baba. Nina miaka 20, naendesha bodaboda, nina kilo 61. Kila usiku naangalia mbio za farasi kwenye simu mpaka bando linaisha, nataka niwe joki. Sijawahi kumgusa farasi hata siku moja. Kuna mtu yupo Dar anasema nikimpa milioni mbili na nusu ananipeleka Dubai kwenye mabanda ya farasi. Nimeambiwa wewe upo Mikindani na umefanya kazi hiyo tangu ujana. Je kuna maisha humo, na naanzia wapi?"

Marahaba mwanangu. Nikupe kwanza majibu ya haraka afu ndo tukae tuongee. Ujoki usahau, nitakwambia kwanini. Kazi ya farasi usiisahau, maisha yamo, mi imenilisha kuanzia 1984 na imenisomeshea watoto wanne. Na iyo milioni mbili na nusu usimpe mtu yeyote, hata kama unayo mkononi saivi na jamaa anakupigia simu kila siku kwamba nafasi zinaisha.

Kuhusu ujoki. Joki, yani mpanda farasi wa mashindano, anapanda mzani akiwa na tandiko lake mkononi, yani uzito unaouona umeandikwa ni wa mtu, nguo na tandiko kwa pamoja. Kentucky Derby, mbio kubwa ya Marekani ya farasi wa miaka mitatu, dume anabebeshwa kilo 57, toa tandiko na vikuku vyake utaona joki mwenyewe inabidi awe kilo 53 au 54, na mbio nyingine nyingi ziko chini ya hapo. We una 61 na una miaka 20, mwili wako bado unajaa. Nimewaona vijana wanakimbia kwenye jua wamevaa makoti ya plastiki, siku nzima wanatafuna barafu tu ili wapungue, mmoja alidondoka mbele yangu akiwa anashuka kwenye mzani, alikuwa na miaka 23 na midomo yake imepasuka kama mtu aliyepotea baharini. Halafu wengi wao wanaanza wakiwa na miaka 15 au 16 na wamezaliwa palepale bandani, baba saisi, mjomba saisi. Kwaiyo sikukatishi tamaa, nakutoa kwenye mlango uliofungwa ili nikuoneshe ulio wazi.

Sasa hujawahi kumgusa farasi, na wala usione aibu, karibu mtu yeyote wa Lindi na Mtwara hajamgusa. Sababu ni ndorobo. Ndorobo akimng'ata farasi anamwachia vijidudu vya nagana, farasi anavimba miguu na chini ya tumbo, anakula lakini anakonda, damu inakwisha, anakufa. Hii kitu ni ya zamani sana huku kwetu. Mwaka 1866 Livingstone alishuka hapahapa Mikindani akiwa na ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa na ndama wao, nyumbu wawili wale wanaozaliwa na punda na farasi, na punda wanne, alitaka apime kama wanyama hao watamvumilia ndorobo, farasi hakuleta hata mmoja. Wakaanza kufa njiani mmoja mmoja, na hakuweza kusema kwa uhakika ni ndorobo aliyewaua au ni wale askari wake waliokuwa wanawabebesha mizigo kupita kiasi na kuwapiga. Mi habari hii huwa inaniuma kila nikipita kwenye ile nyumba yenye kibao chake, kwasababu ndo kazi yangu yote maisha yangu: kumwangalia mnyama mapema kiasi kwamba ujue anaumwa nini kabla hajafa.

Na ndorobo hayuko peke yake. Kuna ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika unaletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaotoka jioni, farasi mgeni ambaye hana chanjo akiupata, katika kumi wanaweza kufa tisa. Thailand ulifika 2020 ukaua farasi zaidi ya 500. Ndo maana kule Nairobi jua likianza kushuka tulikuwa tunawaingiza wote ndani na mtu haruhusiwi kusema ngoja kidogo.

Mi nilifikaje huko. Mjomba wangu aliondoka Newala kabla ya uhuru akaenda Kwale huko Kenya kwenye mashamba, ni mmoja wa wale Wamakonde ambao Kenya ilikuja kuwakubali kama raia 2016, miaka yote hiyo wanaishi kule hawana kitambulisho. We ni mtu wa pwani utakuwa unajua, kwetu sisi mjomba ndo mwenye mtoto, akikuita unaenda. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa 1977 ukafunguliwa 1983, mwaka uliofuata nikapanda gari, nina miaka 19, mdogo kuliko wewe. Mjomba alikuwa na rafiki yake anafanya kazi kwenye banda moja Nairobi karibu na uwanja wa Ngong Road, ule uliofunguliwa 1954, ndo mbio zinakimbizwa pale siku za Jumapili. Akanipokea kama saisi.

Saisi ni mtunza farasi, na ni neno zuri la kwetu kabisa, asili yake Kiarabu, nilipokuja kufika Dubai nikamwambia Mpakistani mmoja "mimi saisi" akanielewa palepale, kumbe na Kiurdu wanasema hivohivo. Mwaka wa kwanza sikupanda farasi hata mara moja. Naomba uisome tena iyo sentensi kwasababu ndo vijana wengi wanapokimbilia. Unaamka saa kumi alfajiri, unaingia bandani, kabla hujagusa sepeto unasimama unaangalia. Ndoo ya chakula imeisha? Maji amekunywa? Farasi mzima anakunywa lita 25 mpaka 50 kwa siku kutegemea joto, ukikuta ndoo imejaa vilevile kuna jambo. Mavi yako mangapi, magumu au laini? Pale anapolala pamevurugwa? Farasi hawezi kutapika, mlango wa juu wa tumbo lake unaruhusu kwenda chini tu, kwaiyo chakula kikimkaa vibaya tumboni kinabaki humohumo kinavimba, na farasi mzuri wa asubuhi anaweza kuwa maiti jioni. Majani yaliyovurugwa ukutani na farasi anageuka kuangalia ubavu wake, hapo unakimbia kumwita nyapara, hutembei.

Afu miguu. Hapa naomba nikae kidogo.

Nyapara wetu alikuwa mzee wa Kikamba, mpole, haongei sana. Wiki ya pili akanipeleka kwenye farasi wanne waliotoka kazini jana yake, akanambia funga macho. Akanishika mkono akaupeleka kwenye mguu wa mbele wa farasi wa kwanza, chini ya goti, nyuma, akasema teremka taratibu. Kwanza kwa mgongo wa mkono, kwasababu ngozi ya mgongo wa mkono inasikia joto vizuri kuliko kiganja cha mtu anayeshika sepeto. Afu unageuza, unaishika kano kwa kidole gumba na vidole viwili, unashuka nayo mpaka kwenye kifundo. Ikiwa nzima ni kama kamba ya mkonge iliyokazwa kwenye tanga, kingo zake unazisikia pande zote mbili. Ikianza kuumia kingo zinapotea, inakuwa kama kamba iliyolowa. Nikapita wote wanne macho yamefungwa, akaniuliza ni yupi. Sikujua. Kesho yake tena. Sikujua. Ilinichukua karibu miezi mitatu mpaka siku moja nikasimama kwa farasi wa tatu nikasema huyu, kulia, hapa. Mzee hakunisifu, alisema tu "lete maji baridi" na mi nikajua nimepatia.

Kwanini miguu? Kuanzia goti kwenda chini farasi hana nyama, ni mfupa, kano na ngozi basi. Damu inayofika pale ni kidogo kwaiyo kidonda cha kano hakiponi haraka, miezi tisa, mwaka, na hata kikipona pale pameshakuwa na kovu. Na mnyama mwenyewe ana kilo 500. Akipiga shoti, yani mbio kali, kuna muda mguu mmoja wa mbele unabeba peke yake mara mbili na nusu ya uzito wake wote, yani zaidi ya tani moja imesimama juu ya mguu mwembamba kama wa kiti. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Ukishalielewa hilo utaelewa kwanini mtu mzima anaweza kutumia miaka 40 anapapasa miguu ya farasi na asichoke.

1988 nilikuwa na jike mmoja wa miaka mitatu, mwekundu, ana doa jeupe puani kama kaguswa na chokaa. Nilimlea mwenyewe, alikuwa ananisikia nikikohoa getini anaanza kuita. Siku tatu kabla ya mbio nikamkuta na kauvimbe kwenye mguu wa kushoto mbele, kadogo kama nusu ya korosho iliyobanguliwa, na pana uvuguvugu. Nikamwambia nyapara, nyapara akamwambia treina, yule anayewafundisha farasi mbio. Treina akaja akabonyeza, jike hakushtuka, akatembezwa, hakuchechemea, akaenda matiti, yani mbio za polepole, hakuchechemea. Ikaamuliwa atakimbia. Mi nilikuwa saisi wa miaka minne kazini, nikanyamaza. Jumapili akakimbia, yuko wa pili, zimebaki kama mita mia tatu nikamuona anabadilisha mguu wa kutangulia, afu anabadilisha tena, na hapo nikajua. Nilimkuta amesimama kwa miguu mitatu, jasho linadondoka, ananiangalia mimi. Nikamshika kichwa mpaka gari la kumbeba likaja. Hakufa, alikuja kuzaa watoto wazuri, lakini kukimbia ndo basi.

Usiku ule nikanunua daftari. Kila farasi niliyemshika nikaanza kumuandika kila siku: joto, amekula nini, amebakiza nini, mguu gani una nini, wapi, kiasi gani. Farasi mzima joto lake linakaa karibu 37.5 mpaka 38.3, moyo akiwa ametulia unapiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, lakini kila farasi ana ya kwake, na huwezi kujua yake kama hukuandika siku alizokuwa mzima. Nikajiapia kwamba mara nyingine nikiwa na neno nitalisema nikiwa na karatasi mkononi. Na nilisema. Mara nyingine nilisikilizwa na mara nyingine hapana, lakini tangu siku iyo hakuna farasi wangu aliyekimbizwa mi nimenyamaza.

1989 nikaanza kupanda, kazi ya raida, yule anayempandisha farasi mazoezi ya asubuhi. Hii ndo nafasi yako wewe, raida anaweza kuwa na kilo 60 mpaka 65 na hata zaidi, hapimwi kama joki. Kuna kitu simu yako haiwezi kukupa: farasi anapumua kwa pua tu, mdomo hauhusiki, na akishaingia kwenye shoti anapumua mara moja kwa kila hatua, kwaiyo ukiwa juu yake unasikia phu, phu, phu sawasawa na kwato, ni kama umekaa juu ya mashine ya kusaga. Ukisikia mluzi ndani ya ile pumzi, au pumzi inaachana na hatua, unamshusha mwendo, unaenda kuandika. Nilipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya, nakwambia ukweli wa moyoni, asubuhi ya Nairobi baridi, ukungu, farasi anatoa mvuke.

Nilianguka 1994. Shimo tu kwenye njia ya mazoezi, farasi akajikwaa mi nikatangulia. Mtulinga ukavunjika na goti la kulia likaenda upande. Sikuwa na mkataba wa maandishi, tajiri wa banda lile alituma pole na mshahara wa mwezi ule, hospitali nililipiwa na michango ya masaisi wenzangu, watu wenye mshahara kama wangu, na wengine walikuwa na watoto shule. Goti mpaka leo halikunji lote, kwenye swala nakaa pembeni. Kwaiyo ninapokwambia habari ya mkataba huko chini ujue siongei kama mtu aliyesoma gazetini.

Hapo ndo nilijifunza jambo ambalo nataka ulielewe kabla hujaanza. Hii kazi itakubadilisha nafasi utake usitake. Mwili unakataa, uzito unaongezeka, banda linafungwa, tajiri anauza farasi wote kwa mkupuo. Mi nimekuwa saisi, raida, nyapara, msafirishaji, mtu wa geti, mlinzi wa usiku wa kuzalisha, mfundishaji wa watoto wa farasi, kazi saba. Kila nilipotolewa kwenye moja, kilichonipeleka kwenye ya pili ni ile mikono na lile daftari. Kupanda kuliniishia siku moja saa moja asubuhi. Miguu ya farasi ninaisoma mpaka leo na nina miaka zaidi ya 60.

Yule mzee wa Kikamba alipostaafu waliniita mimi nishike unyapara, na kuna masaisi walikuwa na miaka mingi kuliko mimi, wakauliza kwanini huyu Mtanzania mguu mbovu. Treina mpya aliyekuja akasema huyu ndo mtu pekee hapa anayeweza kunambia farasi yule alikula nini Machi. Nilikuwa na farasi 30 na masaisi 12. Unyapara ni chakula na watu. Tumbo la farasi ni dogo kuliko mwili wake, ukimjaza nafaka kwa mara moja unamuua, inabidi nafaka kidogokidogo mara tatu nne kwa siku na nyasi kavu muda wote mbele yake. Na watu hivohivo, saisi aliyekopa duka zima hawezi kuona uvimbe wa nusu korosho, akili haipo pale, kwaiyo nilikuwa najua nani ana mgonjwa nyumbani na nani ana deni.

Dubai nilienda 1998 kwa mkataba, nikakaa mpaka 2011. Uwanja wakati ule ulikuwa Nad Al Sheba, Meydan ulikuja kufunguliwa 2010. Hakuna mtu alikuwa anabeti uwanjani, hakuna mkeka, watu walikuwa wanaingia kuangalia farasi tu, mi nilipenda hilo sana. Kazi inafanyika usiku wa manane mpaka alfajiri kwasababu ya joto, mchana farasi wako ndani ya kiyoyozi, wana bwawa lao la kuogelea, na baada ya mbio unawamwagia maji ya barafu, unamwaga tena na tena, mpaka pumzi irudi. Machi 2000 nilikuwa kwenye uzio nimeshika kamba ya farasi wetu aliyekimbia mapema, nikamuona farasi anaitwa Dubai Millennium anashinda mbio za Dubai World Cup, mita 2,000, joki Frankie Dettori juu yake, ametangulia kuanzia mwanzo hakuna aliyemkaribia. Sijawahi kuona mnyama anakimbia vile. Mwaka mmoja tu baadae, Aprili 2001, amekufa, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu ya utumbo, na huyo ni farasi aliyekuwa na madaktari bora duniani wamemzunguka. Masaisi walilia, Wapakistani, Wasudani, mimi, na wala hakuwa wa banda letu.

Sitakuficha upande mwingine. Mama alifariki 2003 nikiwa kule na sikumzika. Chumba ni watu sita. Mshahara wa saisi ni mdogo popote duniani, kinachokuinua ni kukaa, kuaminika na kupanda nafasi, na zawadi farasi akishinda kama banda lina utaratibu huo. Kama unataka hela ya haraka baki na bodaboda, nasema kwa heshima kabisa.

Nilivorudi Kenya nikafanya kidogo kazi ya geti, kuwaingiza farasi kwenye vile vyumba vya kuanzia mbio, ni kazi ya vijana, goti likakataa, nikaenda shamba moja Bonde la Ufa kuzalisha. Farasi anabeba mimba miezi 11 na anapenda kuzaa usiku watu wakiwa wamelala, kwaiyo unakaa kwenye kiti na taa ya kufunika. Tunahesabu saa moja mbili tatu: mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, kondo litoke ndani ya saa tatu, likizidi hapo unaita daktari usiku uleule. Nimeshuhudia watoto zaidi ya mia wanajaribu kusimama kwa mara ya kwanza, ile miguu mirefu inaenda kila mmoja na njia yake, anaanguka, anatafuta tena, na mi nikiwa nimekaa nimeshaanza kuiangalia iyo miguu, huu umenyooka, huu umeingia ndani kidogo, kesho fundi wa kwato aje auone.

Haya sasa wewe.

Yule mtu wa Dar. Sheria ya kazi ya kule Emirates, ya 2021, inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, anayelipa ni mwajiri. Mabanda ya maana yanataka mtu anayejua kazi, hayatafuti kijana ambaye hajawahi kumshika farasi, kwaiyo jiulize unapelekwa kufanya nini. Kazi za nje pitia TaESA, ile huduma ya ajira ya serikali, jiandikishe, na mkataba uusome uwe na mambo haya: mshahara, saa za kazi, matibabu ukiumia, tiketi ya kurudi. Matibabu ukiumia, mwanangu. Pasipoti yako usimpe mtu akutunzie.

Hela yako ipeleke kwenye ujuzi. LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, wana chuo Tengeru pale karibu na Arusha, na karibu yake Usa River kuna mashamba yenye farasi wa kupanda na wa polo, ni sehemu ya baridi kuliko kwetu. Uliza nafasi ya kozi ya afya ya mifugo, na siku za mapumziko nenda kwenye mashamba uombe kusafisha mabanda hata bure kwa kuanzia. Kama Tengeru ni mbali kuna kampasi Madaba huko Ruvuma, farasi hutawakuta lakini cheti ni kilekile. Usiseme nataka kupanda. Sema nataka kazi ya usaisi. Kiingereza kisogeze, na kama ulisoma madrasa Kiarabu chako usikiache kipotee, kitakusaidia.

Lakini kabla ya hayo kuna kitu unaweza kufanya wiki hii hapohapo Kilwa. Tangu 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa Ihefu walihamia huko kwenu na ng'ombe wao, na wengine wana punda wa mizigo. Punda sio farasi, joto lake liko chini kidogo, karibu 37, na anaficha maumivu kuliko farasi, ndo maana ni mwalimu mzuri. Nenda boma moja, wasalimie wazee, omba kwa adabu kwamba unajifunza. Nunua kipimajoto duka la dawa za mifugo, ukifunge uzi ili kisipotelee ndani, paka mafuta. Simama ubavuni karibu na bega, usije kwa nyuma, mguse shingoni kwanza, shuka taratibu na mkono mmoja huku mwingine umebaki mgongoni ajue uko wapi. Afu mguu wa mbele, mgongo wa mkono, chini ya goti kwa nyuma, kushoto, kulia, kushoto tena. Fanya kwa punda walewale wawili asubuhi kabla hawajabeba mzigo na jioni wakirudi, wiki mbili, uandike kwenye daftari tarehe, saa, joto, mguu upi una moto na upi hauna. Ukikuta kidonda cha kamba au mguu umevimba mwambie mwenyewe, bila kumlaumu.

Afu piga picha kurasa zote unitumie. Nitazisoma moja moja, na nikiona zimeandikwa bandani na sio kitandani nitakupa namba ya mtu Usa River niliyefanya nae kazi miaka sita, na nitampigia mwenyewe kabla hujafika.